Mmoja kati ya watatu: namba ya daktari kabla ya kutoa mawe ya figo inatoka wapi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mume wangu ana miaka 46, ni fundi wa mitumbwi. Ana jiwe kubwa kwenye figo ya kushoto lenye matawi mawili, na vidogo vingine chini yake. Daktari bingwa alituonyesha picha ya CT-Scan, akasema ni "daraja la tatu", na kwamba uwezekano wa kuyatoa yote kwa mara moja ni kama mtu mmoja kati ya watatu. Niliishiwa nguvu. Shemeji yangu wa mkoa mwingine anasema kuna hospitali imemhakikishia kwa simu kuwa wao wanatoa yote, asilimia mia. Kijana wetu wa chuo naye aliingiza majibu kwenye programu ya akili mnemba ya simu, ikasema asilimia 68. Mgonjwa mmoja, namba tatu. Daktari anajuaje kitakachotokea kabla hajapasua? Na kiwanja chetu cha Buswelu tukiuze kwa kuamini namba ipi? Mume wangu amekulia Misungwi akichunga ng'ombe, kama hilo linahusu.

JIBU: Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili. Ile sentensi ya mwisho, uliyoiongeza kama jambo dogo, ndiyo iliyonifanya nikae nikujibu kwa urefu. Inahusu sana, na nitaifikia. Tuanze na hiyo mmoja kati ya watatu iliyokukata nguvu.

Nadhani najua ilikotoka. Mwaka 2011 madaktari wa hospitali ya Guy's, London, walichapisha njia ya kuyapanga mawe ya figo katika madaraja manne kabla ya upasuaji wa tundu dogo, ule wa kupitisha kifaa mgongoni hadi ndani ya figo. Daraja la kwanza ni jiwe moja lililokaa katikati au chini, kwenye figo yenye umbo la kawaida. La pili ni jiwe moja lililo juu, au mawe kadhaa kwenye figo ya kawaida, au jiwe moja kwenye figo yenye hitilafu ya umbo. La tatu ni jiwe lililoanza kuota matawi, au mawe mengi kwenye figo yenye hitilafu. La nne ni lile lililojaza figo nzima mfano wa tangawizi, shina na vidole kila upande. Humo pia huingia mgonjwa wa mawe mwenye tatizo la uti wa mgongo. Walipohesabu waliobaki bila jiwe baada ya upasuaji mmoja, walipata asilimia 81 daraja la kwanza, 72.4 la pili, 35 la tatu na 29 la nne. Jiwe la mumeo, ambaye mimi ni shemeji yangu na nitamwita hivyo, lina matawi mawili na halijaijaza figo. Ni daraja la tatu. Thelathini na tano katika mia ni kama mmoja kati ya watatu. Daktari wenu hakubahatisha.

Lakini angalia kilicho nyuma ya namba hiyo. Upasuaji uliohesabiwa ulikuwa 100 tu, nao ukagawanywa mafungu manne. Kila fungu likabaki na watu wachache, na kwa watu wachache, wawili watatu wakienda vizuri au vibaya asilimia inaruka. Ngazi yenyewe, kwamba la tatu ni gumu kuliko la kwanza, imeonekana tena na tena kwa wapasuaji wa nchi nyingine, ndiyo maana tunaitumia. Tarakimu ndizo zinazobadilika kutoka hospitali hadi hospitali. Nikisikia 35 mimi naelewa hivi: jiandaeni, huenda ikahitajika awamu ya pili.

Umeuliza anajuaje kabla hajapasua. Wewe jambo hili unalijua kuliko wengi. Wavuvi wanaokuletea dagaa hawawezi kukuambia leo watashusha ndoo ngapi alfajiri. Hata hivyo unajua mwezi ukipevuka taa za karabai hazivuti dagaa kama siku za giza, na bei unaipanga ukijua hivyo. Huo ni utabiri. Umetokana na kuhesabu usiku mwingi uliopita, na bado upo usiku mmoja wa mbalamwezi ambao mtumbwi mmoja utarudi umejaa. Daktari naye anakupa hesabu ya wagonjwa wenye jiwe kama la mumeo. Hakuambii kwamba mumeo ndiye yule mmoja, wala kwamba yumo katika wale wawili. Hilo hakuna anayelijua, na anayesema analijua mwogope.

Kwa nini matawi yawe na uzito kiasi hiki? Sisi wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa mengi kuhusu mawe. Wapasua kokoto wanajua kuwa jiwe lililokaa peke yake uwanjani, hata likiwa kubwa kama gari, linapasuka kwa nyundo na subira. Lililobanwa kati ya nyumba mbili kule Mabatini ni shughuli nyingine kabisa, hata likiwa dogo, kwa sababu huna pa kusimama na kila pigo unafikiria ukuta wa jirani. Figo ina ukumbi mmoja wa katikati na vyumba vidogo vinavyouzunguka, kila kimoja na mlango mwembamba. Jiwe lililo ukumbini unalifikia kwa tundu moja. Tawi lililoingia chumbani na kukunja kona huenda likahitaji tundu la pili, na kila tundu linaongeza damu inayopotea. Kuna wakati mpasuaji mzuri anaamua kuacha kipande kwa makusudi ili asiichane figo, akirudie baada ya wiki kadhaa. Ukiambiwa hivyo siku hiyo, usidhani kazi imeharibika.

Ipo njia nyingine ya mwaka 2013, inaitwa S.T.O.N.E., herufi tano zinazoandika neno "jiwe" kwa Kiingereza. Yenyewe inatoa alama kuanzia 5 hadi 13: ukubwa wa jiwe, umbali kutoka ngozini hadi kwenye jiwe, figo imevimba kiasi gani kwa mkojo uliozuiwa, vyumba vingapi vimeingiliwa, na ugumu wa jiwe. Alama zikipanda, nafasi ya kutoka lote inashuka. Ugumu unasomwa kwenye CT-Scan kwa kipimo cha Hounsfield, na hapo mpaka wao ni 950. Angalia karatasi ya majibu yenu kama namba hiyo imeandikwa. Jiwe linalopita 1,000 kwa kawaida halipasuki vizuri kwa mashine ya mawimbi ya mshtuko, kwa hiyo anayewashauri "mkapigwe mawimbi tu" aambiwe namba hiyo kwanza. Likiwa chini sana, huenda ni la asidi ya uriki, na baadhi ya hayo huyeyuka kwa dawa bila kisu.

Sasa neno ambalo ningependa mumuulize daktari yeyote, wa hapa au wa hiyo hospitali ya simu: mnaposema imefanikiwa mnamaanisha nini? Wapo wanaohesabu mafanikio hata vikibaki vipande vya milimita 4 au pungufu. Wapo wanaotaka kusiwe na hata chembe. Halafu wanapimaje? Ukipima kwa eksirei au altrasaundi, vipande vidogo vinajificha na kila mtu anatoka akitabasamu. Ukipima kwa CT-Scan, vinaonekana. Nina kaunta buku ninamoandika kila mgonjwa: nilitabiri nini kabla, na ikawaje baada. Kuna mwaka niliamua kuwapima upya kwa CT-Scan wale niliokuwa nimewaandika "safi" kwa eksirei. Mafanikio yangu yalishuka kwenye karatasi, na mikono yangu ilikuwa ile ile. Tangu siku hiyo siulizi tena asilimia ya mtu bila kuuliza alipima kwa nini.

Ubora wa hizi njia za alama ni katika kutabiri jiwe litatoka au litabaki. Katika kutabiri madhara si hodari kiasi hicho, na hapa nina kisa ambacho bado kinaniuma. Miaka ya nyuma nilimpokea kijana mvuvi kutoka Ukerewe. Jiwe moja, ukumbini, figo nzuri, mwili wa mtu wa kuvuta nyavu. Daraja la kwanza. Nilimwambia mama yake asiwe na wasiwasi. Mkojo wake ulikuwa umepelekwa maabara kuoteshwa, yaani kuangaliwa kama una bakteria, na majibu hayajarudi, nikaona kwa jiwe jepesi vile tusipoteze nafasi ya chumba cha upasuaji. Jiwe lilitoka lote. Usiku akaanza kutetemeka, homa ikapanda, presha ikaanguka, tukamhamishia kwa wagonjwa mahututi. Majibu ya maabara yalikuja kesho yake yakiwa na bakteria ambaye dawa niliyompa haikumgusa. Alipona, namshukuru Mungu, baada ya siku nyingi ambazo mama yule alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Kwa hesabu ya jiwe nilipatia. Mgonjwa mwenyewe nilikuwa sijampima.

Kwa hiyo dada yangu, kwa shemeji kipimo cha kuotesha mkojo kina uzito sawa na CT-Scan. Mawe yenye matawi mara nyingi hujengwa na bakteria wenyewe, na bakteria wanabaki wamejificha ndani ya jiwe. Nyundo ikigonga, wanamwagika. Kipimo kikionyesha maambukizi, atibiwe kwanza hata kama tarehe ya upasuaji itasogezwa. Kusogeza wiki mbili tatu kwa sababu hiyo ni kazi nzuri ya daktari. Msilalamike.

Kuhusu madhara kwa ujumla, hesabu kubwa ninayoiamini ilikusanywa kati ya 2007 na 2009 katika hospitali 96 za nchi mbalimbali, wagonjwa 5,803 wa upasuaji huu wa tundu. Waliobaki bila jiwe walikuwa asilimia 75.7, madaraja yote yakichanganywa. Waliopata homa ni asilimia 10.5. Walioongezewa damu ni asilimia 5.7, yaani kama mmoja kati ya kumi na wanane. Hii ya damu ichukueni kwa vitendo: ndugu wawili watatu wawe tayari kuchangia kabla ya siku yenyewe. Kama anameza aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari mapema. Hata zile za mitishamba azitaje.

Kutokana na hesabu hiyo hiyo ilitengenezwa njia nyingine ya kutabiri, na humo kuna kitu ambacho wagonjwa wetu huona aibu kukiuliza: hospitali inafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka. Waliofuatilia wapasuaji wanaojifunza waliona mtu anahitaji kama upasuaji 60 hivi ndipo mkono utulie. Kumuuliza daktari "umefanya wangapi, na daraja la tatu wangapi walitoka safi?" si kumdharau. Mimi nikiulizwa hivyo nafungua kaunta buku.

Tuje Misungwi. Mtoto aliyechunga ng'ombe huko, akaoga na kunywesha mifugo kwenye malambo, ana nafasi kubwa ya kuwa aliwahi kupata kichocho cha mkojo. Watu huchanganya jambo hili. Kichocho kinachopatikana zaidi hapa ufukweni mwa ziwa ni cha matumbo. Kile cha mkojo kinaenea zaidi kwenye madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga ya bara, kwa sababu konokono wake ni wengine. Muulize shemeji kama utotoni alikojoa damu. Wengi wa rika lake watakucheka, watasema wavulana wote walikuwa hivyo, ilionekana ni kukua. Mayai ya mdudu yule huacha makovu kwenye kibofu na kwenye sehemu ya chini ya mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mrija ukibana, mkojo unatuama juu yake, na mkojo uliotuama huzaa maambukizi na mawe.

Na hapa ndipo nasema namba ya London ina tundu kwa watu wetu. Nafasi ya kuandika "mrija umebanwa na kichocho" haimo katika yale madaraja wala katika zile herufi tano. Shemeji anaweza kuwa daraja la tatu kwa jiwe, lakini mrija wake ukiwa mwembamba, vipande vilivyobaki havitashuka, na hata akitolewa yote leo, jiwe linaweza kurudi kwa sababu bomba halijafunguliwa. Mwambieni daktari habari ya malambo kwa maneno hayo hayo. Atajua kama aongeze picha yenye dawa ya kuonyesha mrija, na kama kuna damu kwenye mkojo hadi leo atataka kuchungulia kibofu pia. Kama mrija ni mzima, vizuri, mmeondoa hofu moja. Kama una kovu, mpango wa upasuaji unabadilika kabla hajagusa ngozi.

Ile asilimia 68 ya kijana wenu siidharau. Kompyuta kujifunza kutabiri matokeo ya upasuaji wa mawe ni jambo la kweli, madaktari wamekuwa wakilichapisha kwa miaka kadhaa, na ninaamini litatufaa. Lakini mashine inajifunza kwa wagonjwa iliopewa. Ikilelewa na wagonjwa wa mbali, yaweza kupatia nani ana hali ngumu kuliko nani, halafu ikakosea kiwango: ikasema 68 pale ambapo kwa vifaa na wagonjwa wetu ni 50, au 80. Dawa ya kosa hilo ni kuhesabu wagonjwa wa hapa, wa Kanda ya Ziwa, walivyotoka, na kuirekebisha mashine kwa hesabu hiyo. Natamani kila anayepasua figo ukanda huu awe na kaunta buku lake, tuyaunganishe. Na programu ya simu ya kijana, nijuavyo, haikuiona picha. Ilisoma maneno ya karatasi. Haikujua ya kichocho, kwa kuwa hakuna aliyeiambia.

Hospitali ya asilimia mia? Kwa simu, bila picha, bila kujua daraja, hiyo ni ahadi ya biashara. Inawezekana hawakukusudia ubaya. Labda walimaanisha kwa awamu mbili tatu, au kwa kufungua ubavu kwa kisu kikubwa, njia ambayo kwa baadhi ya mawe bado ina nafasi yake. Wapelekeeni CD ya CT-Scan, muwaulize nilivyowaandikia hapo juu. Wakibaki kwenye mia, mimi ningemrudia yule aliyewaambia mmoja kati ya watatu. Aliwaheshimu.

Kiwanja. Swali hili si la tiba peke yake, lakini nitasema ninachokiona kila wiki. Familia inauza kitu kikubwa kwa ajili ya upasuaji mmoja, hela yote inaishia hapo, halafu kipande kilichobaki kinakosa nauli. Pangeni bajeti ya awamu mbili tangu mwanzo. Kama mna bima, ulizeni kwa maandishi kama inalipia awamu ya pili, CT-Scan ya kupima baada, na kutoa stenti, ule mpira mwembamba unaoachwa ndani ya mrija baada ya upasuaji. Stenti isisahauliwe. Hukaa wiki chache, na kwa kawaida haifai kupita miezi mitatu. Nimetoa zilizosahaulika zaidi ya mwaka, zenyewe zimeota mawe, na kuzitoa kulikuwa kugumu kuliko jiwe la kwanza. Andika tarehe ya kuitoa kwenye daftari lako la mauzo ya dagaa, kwa sababu hilo hulisahau.

Kabla hamjauza chochote, muulize daktari figo ya kushoto inafanya kazi kiasi gani na ya kulia ikoje. Kama ya kushoto imeshakufa karibu yote, mazungumzo yanakuwa mengine, kuhusu kuiondoa. Kama bado inafanya kazi, msikae na jiwe hilo mwaka mzima mkisubiri namba nzuri zaidi, kwa sababu jiwe la matawi likiachwa hula figo polepole bila kelele. Na akipata homa pamoja na maumivu ya ubavu, au mkojo ukikata, msingoje kliniki: usiku huo huo apelekwe hospitali.

Siku akitoka chumba cha upasuaji, ombeni vipande vya jiwe. Viwekwe kwenye kichupa kikavu na safi, bila dawa yoyote, vipelekwe kwenye maabara inayochambua mawe, kwa maana bila kujua jiwe lilikuwa la nini tutabaki kumwambia anywe maji tu. Maji anywe kweli, hasa fundi anayeshinda juani akigonga mbao: ya kutosha akojoe lita mbili na nusu kwa siku. Majibu ya kichupa yakitoka, na yale ya mkojo wa kuotesha, niandikie tena. Msalimie shemeji.